Kura Moja ya Karatasi ya Njano

Gorna Slivitsa, Oktoba 1991

Ndugu Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Wilaya,

Mimi ni Metodi Valkanov, umri miaka sitini na miwili, fundi mapipa mstaafu, mwanzilishi na mwenyekiti wa Chama cha Utaratibu na Maendeleo, ambacho karatasi yake ya kura ni ya njano. Jumapili iliyopita niligombea uongozi wa kijiji chetu. Nilipata kura moja.

Kwa adabu zote naomba usiri wa kura ufutwe hapa kwetu, bahasha zifunguliwe hadharani, na kila mtu aitambue ya kwake. Sababu zangu ni hizi:

1. Chama kina wanachama ishirini na saba. Wote walijiandikisha uani kwangu, wakanywa rakia yangu, pombe kali ya matunda, na kumaliza pilipili za kuchoma za mke wangu, Zdravka. Toa mmoja, wanabaki wasaliti ishirini na sita. Chama kizima kimesaliti chama.

2. Siku yenyewe, shemeji yangu Spas alinipigia kelele mlangoni mwa shule: “Shemeji, nimekupa kura mpaka mkono umeuma!” Kinyozi Haralampi naye: “Mwenyekiti, mimi ni wako, nywele na ndevu!” Mama mkwe akanibusu shavuni, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

3. Mimi si mgeni wa uchaguzi. Enzi za chama kimoja nilibeba sanduku la kura nyumba kwa nyumba miaka ishirini na mitano, na kijiji kilipiga asilimia tisini na tisa nukta tisa. Mwaka mmoja Bibi Gana alifariki saa nne asubuhi. Tulikubaliana na wanawe kwamba alifariki saa sita, akiwa ameshatimiza wajibu wake. Huo ndio utaratibu ninaousema. Siku hizi mtu anaingia nyuma ya pazia peke yake, anatia kwenye bahasha karatasi ya rangi ya chama anachotaka, na akitoka, uso haukuambii kitu.

4. Wapo wanaosema sina msimamo. Ukweli ni kwamba baba yangu alikuwa wa chama cha wakulima. Kilipopigwa marufuku mwaka wa arobaini na saba alifungwa miaka miwili, akarudi hana meno. Mimi nikajiunga na waliomfunga, wale wekundu. Hakunigombeza, aliacha tu kuniita kwa jina. Wakubwa wale walipoanguka, nikawa wa buluu kwa miezi mitano, kisha wa kijani wiki moja, kwa kuwa mkutano wao ulikuwa karibu na nyumbani. Hiki changu ndicho chama cha kwanza nilichoingia bila kumwogopa mtu. Ndiyo maana nimeumia.

5. Hili la mwisho ni gumu kuliandika. Kwa kuwa kura moja iliyopatikana ni yangu mwenyewe, basi hata Zdravka hakunichagua. Nilimuuliza juzi akimenya vitunguu. Akasema, “Metodi, wewe umezoea kuzihesabu kura, hujazoea kuziomba.” Hilo si jibu, Ndugu Mwenyekiti. Tumeoana miaka thelathini na minane, na tangu Jumapili nakaa naye mezani kama mpelelezi.

Nimeyasema yaliyonikaa rohoni, mengine nakuachia wewe. Nisalimie wajumbe wote wa Tume, wake zao na waume zao, na yule mama aliyenionyesha mlango wa kutokea ofisini kwenu nilipoukosa mara mbili.

Wako mtiifu, na kwa sasa wa njano,
Metodi Valkanov

Tanbihi: Zdravka ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Akasema, “Ile kura moja ni yangu mimi, mzee. Ya kwako iko wapi?”

Ndugu Mwenyekiti, nilipokuwa nyuma ya pazia nilisikia mtu akikohoa upande wa pili. Kukohoa tu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye karatasi nyekundu, kama ulivyozoea, nami nikatoka nje nikiwapungia watu. Nimemweleza Zdravka yote. Hakucheka. Ameniuliza kama nimekula.

Nakuomba sana, bahasha zisifunguliwe.