Alama ya Ng'ombe wa Lobokat

Jumatatu, 9 Juni 2025
Natabo, huna aibu! Nikisuka kikapu leo, kesho unauza kama hicho sokoni. Na wewe ni mke wa ndugu ya mume wangu! Lakini dawa yako iko. Leo nimeanza masomo ya haki miliki, ukumbi wa kanisa, mtaa wa Kiwanjani, hapa Isiolo. Mwalimu ni wakili Shiku, msichana mdogo. Ananiita shosho, yaani nyanya kwa Kikuyu. Mimi si Mkikuyu! Nikavumilia. Akasema ukibuni alama yako ukaisajili, mwingine hawezi kuiweka kwa biashara yake bila ruhusa. Aliendelea kuongea sana. Mimi nilikuwa nimeshiba na hilo moja.

Jumanne, 10 Juni
Kubuni ni kazi! Nimechora kuku. Jua. Kuku tena. Mbaya zote. Mwishowe nikachora ile alama ukoo wetu huchoma ng'ombe: duara na mikia miwili. Safi! Shiku akauliza kama imetoka kwa kichwa changu. Nikaapa. Akanipa fomu ya kusajili, nikaijaza haraka.

Jumatano, 11 Juni
Aibu! Shiku ameweka fomu yangu ukutani kwa ile mashine ya mwanga, ati mfano mzuri. Kumbe shemeji Lobokat, bwana ya Natabo, ameingia kuuliza habari ya kusajili jina la asali yake. Akaangalia ukuta. Akavua kofia. Akaniuliza mbele ya watu kama ng'ombe wake wote sasa ni wangu. Watu wakacheka. Si ningenyamaza! Nikamwambia aombe ruhusa kwanza. Hapo hakuna aliyecheka. Hiyo ni alama ya babu yake. Mimi niliikuta nikiolewa. Shiku akachana fomu, akasema cha ukoo huwezi kukiita chako.

Alhamisi, 12 Juni
Wazee wameniita. Lobokat anataka nirudishwe kwetu. Umri huu, meno manne! Na aliyenitetea ni nani? Natabo. Akasema mimi ni mama wa ukoo, nimezika mume hapa, nisamehewe. Mambo ya vikapu hakutaja. Nilitazama chini mpaka shingo ikauma. Nimesamehewa.

Ijumaa, 13 Juni
Natabo ameniletea maziwa, akasema tunywe yaishe. Nikamwambia mwizi ni mimi. Tukalia sote wawili, wazee wazima. Akaenda, kibuyu akaacha. Kifuniko chake amesuka mwenyewe, ukili na shanga nyekundu, kimejikunja kama nyoka amelala. Isiolo yote sijaona kama hicho.

Sharon! Mjukuu gani wewe, simu, simu! Lete kalamu na fomu mpya. Chora hicho kifuniko haraka kabla hajarudia kibuyu chake.