Naomba Nifukuzwe Shule ya Sebuleni

Magamba, Lushoto
14 Mei, 1954

Kwa Shangazi Rahabu,
Magoma.

Shangazi yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Sisi hapa ni wazima, ila ukungu umetushika tangu Pasaka. Nakuandikia kwa heshima zote kumshitaki mdogo wako, Mwalimu Sefania, ambaye pia ni baba yangu. Nakuletea wewe kwa sababu duniani humu ni wewe tu anayekuogopa.

Kama ujuavyo, nilipomaliza darasa la nne Baba alinikataza kwenda shule ya mbali. Alisema, "Mwalimu wa kule nilimfundisha mimi mwenyewe, na kugawanya kulimshinda. Nimpe mtoto wangu?" Alipostaafu akatundika ubao sebuleni. Sasa nina miaka kumi na tano, na huu ni mwaka wa tatu mimi ndiye shule nzima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila asubuhi Baba huita majina. Huita, "Yunis Sefania!" Nami husimama nikajibu, "Nipo, Mwalimu." Kisha huangaza macho sebule yote, hata nyuma ya kabati, kuona nani hakuja.

2. Mtihani wa Desemba nilikuwa wa kwanza, akanipongeza mbele ya Mama. Halafu akaandika kwenye ripoti kwamba wa mwisho pia ni mimi, niongeze bidii.

3. Saa nne hugonga kengele na kuniamuru nikacheze. Shangazi, nicheze na nani? Mwezi Machi nilicheza kujificha. Nilijibanza migombani, nikakaa humo hadi chakula cha mchana. Hakuna aliyenitafuta. Nilitoka nikiwa mshindi, lakini sikufurahi hata kidogo.

4. Kuongea na wakubwa tu kumeniharibu. Siku ya gulio Mama alinituma chumvi Lushoto, nikamwona msichana wa rika langu, Mwanaidi binti Hassani, akiuza karoti na mama yake. Nikamsogelea nikamwambia, "Shikamoo." Alinitazama kwanza, kisha akajibu taratibu, "Marahaba, mjukuu wangu," na wauzaji wote wakaangua kicheko. Sikukata tamaa. Nilimwuliza kama angependa kuwa rafiki yangu, nikamwomba ajibu kwa sentensi kamili. Akasema, "Mbona unaongea kama karani wa mahakama?" Lakini alinipa karoti moja. Niliila njia nzima ya kupanda huku, kidogo kidogo ili isiishe.

5. Tangu siku hiyo natafuta kufukuzwa. Nilipiga kelele darasani. Baba akaandika ubaoni "Wapiga kelele" na chini yake jina langu, kisha akaniuliza nani mwingine. Nikagoma kufanya hesabu siku mbili. Hapo akaandika barua ya kumwita mzazi, akanikabidhi niipeleke nyumbani. Nikaipeleka jikoni.

Mama alikuja amejifunga kanga mpya, akapewa kiti. Baba akaanza, "Mama Yunis, mtoto wako amekosa nidhamu." Mama alimsikiliza hadi mwisho, halafu akahamia Kishambaa, na wewe wamjua Mama akihamia Kishambaa. Kwa ufupi alisema, "Mwalimu, juzi nilimsikia mtoto huyu akimsimulia mbuzi habari za binti wa karoti kule sokoni. Si mkorofi. Ni mpweke." Baba aligeuka akafuta ubao muda mrefu, ingawa haukuwa na kitu.

Kesho yake kengele iligongwa kama kawaida. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, umwamuru anifukuze rasmi. Likishindikana hilo, shule ifungwe na ubao tuanikie mahindi. Na hilo nalo likishindikana, njoo wewe mwenyewe ujiandikishe darasa la saba. Daftari nitakupa.

Nisalimie Babu Kristofa, na watoto wote, na majirani zenu hata wale nisiowajua, maana mimi sasa sichagui.

Ni mimi mwanao mtiifu, kiranja mkuu kwa kukosa mpinzani,

Yunis Sefania

Nyongeza, 29 Mei.

Barua imechelewa kwa sababu mvua ilikata barabara ya Mombo na basi halikushuka. Shangazi, tafadhali usimwamuru Baba jambo lolote! Jumatatu ya wiki iliyopita alivaa koti akashuka Lushoto bila kuaga. Kesho yake asubuhi tulisikia hodi: Mwanaidi, na nyuma yake Mzee Hassani, baba yake. Mzee akasema, "Mwalimu, jana uliniomba binti yangu kwa maneno mazuri kuliko mtu anayeposa. Nimemleta. Ila siku za gulio ni wangu." Tunakaa benchi moja. Jana tulicheka mpaka Baba akatutoa nje, na huko nje tukacheka zaidi. Shule isifungwe hata likizo.

Haya niliyoandika juu ningeyachana. Lakini Mwanaidi, ambaye kwenye chuo cha Kurani alisoma herufi za Kiarabu tu, ameandika jina lako juu ya bahasha kwa hizi za kwetu, na ndilo jina la kwanza kuliandika peke yake. Ametumia asubuhi nzima. Siwezi kumwambia kwamba barua haiendi. Basi, Shangazi, bahasha uisome vizuri, hata majirani uwaonyeshe. Ya ndani usiyafungue.