Mistari Miwili ya Njano na Jiwe la Mama Bernadeta

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo nimegundua madini mapya! Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu pembeni kuona inavyokaa. Inakaa vizuri sana.

Mambo yako hivi. Mzee Mwinshehe, mkuu wa maabara ya fizikia hapa chuoni, amestaafu. Kiti kiko wazi. Wanaokitaka ni wawili. Mimi, Nassoro, fundi sanifu wa miaka kumi na tisa kazini. Na Winfrida, aliyekuja juzi juzi, anayeniamkia shikamoo kaka kila asubuhi mbele za watu, kwa sauti, kana kwamba nina miaka themanini. Nina arobaini na minne! Dkt. Modesta, Mkuu wa Chuo, amesema atataja jina Jumamosi, Siku ya Utafiti, akishaona kila mmoja ana nini cha kuonyesha.

Mpaka saa nne asubuhi sikuwa na kitu. Nikaokota kokoto nje ya mlango, nikaisaga, nikashika unga wake kwa vidole, nikaupaka kwenye waya, nikaweka waya kwenye mwali wa gesi. Kisha jicho kwenye spektrometa. Kifaa hiki kinauchambua mwanga wa kitu kinachoungua na kuupanga mistari ya rangi, na kila elementi ina mistari yake. Nikaona mistari miwili ya njano! Imesimama bega kwa bega, inang'aa, karibu igusane.

Nikakimbilia bango la ukutani. Kwenye njano yupo sodiamu peke yake, naye ana mstari mmoja. Mmoja! Mimi ninayo miwili. Basi si sodiamu. Basi ni kitu ambacho bango halijawahi kukisikia.

Nimesherehekea kwa karanga. Shemeji huzileta kutoka Gairo, mke wangu Zuhura huziloweka kwenye maji ya chumvi na kuzikaanga mpaka zinafanya vumbi jeupe. Bila mkono mmoja kwenye mfuko wa karanga sijawahi kufikiri sawasawa.

Jumanne, 15 Julai 2025

Ushindi juu ya ushindi! Nimepima kipande cha tofali. Mistari miwili. Nimepima tope la Dakawa lililoganda kwenye buti za mlinzi. Miwili! Chaki, miwili. Ukucha wangu, miwili.

Mtu wa imani haba angeanza kuwa na mashaka. Mimi nimeelewa mara moja: madini yamejaa Morogoro nzima, tunayakanyaga, tunayachanua kwenye nywele.

Lakini huwezi kumpelekea Mkuu wa Chuo ukucha. Nahitaji jiwe la heshima. Jioni nikapanda Bigwa kwa Mama Bernadeta, anayetuuzia mboga, shamba lake liko juu kwenye mteremko. Mlango wa banda lake la kuku unazuiwa na jiwe zito, la kijivu, lina uvimbe mwekundu uliokolea kama figo iliyokauka. Nikamwomba. Akasema jiwe hilo alilikuta kwa mama mkwe, na kicheche hajawahi kuingia bandani tangu hapo. Nikamwahidi litarudi Jumamosi. Nikamwachia tofali. Akalitazama tofali, akanitazama mimi.

Jumatano, 16 Julai 2025

Jiwe la Mama Bernadeta ni la ovyo! Kusagwa limekataa, limeninyima hata unga wa kupaka ncha ya waya. Winfrida alikuwa ameacha leza yake ya kijani mezani, nikalimulika nayo, jicho kwenye spektrometa, nione kama litasema chochote. Njano hakuna kabisa! Badala yake, kule mwisho kabisa kwenye wekundu, mistari miwili myekundu. Bila shaka ni uchafu kwenye kioo. Nikafuta kwa shati. Ikabaki. Nikafuta kwa mate. Ikabaki. Kioo kimechakaa, nikishakuwa mkuu wa maabara nitaagiza kingine.

Mchana likanijia wazo la kuniondolea mawazo yote. Winfrida alikuja kuniuliza, kwa adabu zake zile, kama nina sampuli ya ziada, kwa kuwa zake zimechelewa njiani. Nikajifanya nafikiri. Nikampa jiwe la Mama Bernadeta! Nikamwambia ni zuri kupita yote. Akanishukuru mara mbili. Nilitoka nje nikacheka peke yangu nyuma ya tangi la maji mpaka mlinzi akauliza kama naumwa.

Alhamisi, 17 Julai 2025

Nimeyapa madini jina. Nassorimu. Nimelitamka mbele ya kioo kwa sauti ya msomaji wa habari. Zuhura alipita na beseni akauliza hiyo ni dawa ya nini.

Nimeandaa hotuba ya kurasa sita na kushonesha shati jipya. Winfrida kajifungia chumba cha giza na lile jiwe tangu asubuhi. Nimepita mlangoni mara nne. Mara ya nne nilisikia kama anacheka. Nadhani alikuwa analia. Nikamwonea huruma kidogo, kisha nikala karanga.

Mama Bernadeta kapiga simu. Kicheche kalisukuma tofali, kaondoka na kuku tembe mmoja. Nikamwambia sayansi ina gharama zake. Akakata simu.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Ukumbi ulijaa. Nilitangulia mimi. Nikapaka kokoto, nikachoma, nikamkaribisha Mkuu aweke jicho. Akaona mistari miwili. Nikaonyesha bango: sodiamu, mmoja. Nikatamka jina la madini. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakapiga makofi! Ilikuwa dakika tamu kuliko zote tangu nizaliwe. Nasema dakika kwa sababu ilikuwa moja.

Winfrida akanyoosha mkono. Akaomba, kaka Nassoro akiridhia, ninawe mikono kwa sabuni, naye aoshe waya kwa asidi. Waya ukachomwa mtupu. Njano hakuna. Kisha akaniomba nichukue karanga moja mfukoni, niile, niuguse waya. Nikagusa. Mistari miwili, inang'aa kama Jumatatu.

Ni chumvi, akasema. Ndani ya chumvi mna sodiamu, na mstari wa sodiamu ni pacha siku zote, tena wamekaribiana mno hata kifaa dhaifu huwaona mmoja. Ndiyo maana hatuhesabu tu mistari, tunapima na nafasi iliyo kati yake. Nikasema kwa ukali kwamba bango halidanganyi. Akaliendea, akagusa kona ya chini.

"Kaka, bango hili ulilichora wewe."

Ni kweli. Mwaka 2019, la zamani lilipolowa mvua, nililinakili mwenyewe kwa maka peni nene. Kalamu ile ingeweza kuunganisha hata reli mbili. Saini yangu ipo, na nilikuwa nimeiwekea maua.

Kisha akaleta jiwe. Akalimulika kwa leza ya kijani, likawaka wekundu. Ukutani kwa projekta, mistari miwili myekundu. Uchafu wangu! Alikuwa ameipima nafasi kati yake siku mbili mfululizo, na nafasi ile ni ya yakuti, kito chekundu cha thamani. Yakuti halisi, imezuia mlango wa kuku tangu enzi za mama mkwe. Akasema pia mbele ya wote kwamba sampuli alipewa na kaka Nassoro, kwa moyo mmoja. Ukumbi ukanipigia makofi, na makofi yale yalinichoma kuliko kuzomewa.

Mama Bernadeta alikuwa amesimama nyuma, amekuja kuchukua jiwe lake kama tulivyoahidiana. Mkuu akamwamkia shikamoo, akamweleza polepole kwamba chuo kitamsindikiza kwa wathamini wa madini, na huenda maisha yake yakabadilika. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Na kuku nifungie nini?"

Mkuu wa maabara ni Winfrida.

Nyumbani Zuhura alianza kusema mchimba kisima. Nikaongeza sauti ya redio kabla hajamaliza.

Jumatatu, 21 Julai 2025

Asubuhi bosi wangu mpya aliniamkia shikamoo kaka. Nikajibu marahaba, bosi. Amri yake ya kwanza: hakuna kula maabara. Ya pili: nichore bango upya, kwa penseli iliyochongwa. Alivyoniambia ni kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Alipotoka, nikalia. Nimeandika. Nililia kweli, mtu mzima, juu ya meza namba tatu.

Nikafuta chozi kwa kidole. Waya ulikuwa karibu. Mwali ulikuwa unawaka. Mkono ukaenda wenyewe.

Mistari miwili ya njano!

Nimetulia nikafikiri kisayansi. Mikono nilinawa kwa sabuni. Waya niliuosha kwa asidi, mara mbili. Karanga nimekula konzi moja tu, tena nje ya mlango, kwa kutii amri. Winfrida atasema chumvi. Sawa, ni chumvi kwenye karanga. Lakini jicho langu nani amelikaanga?

Basi nilikosea mahali tu. Nilitafuta kwenye kokoto, kumbe madini yamo ndani yangu. Nassorimu! Jina nililipatia tangu mwanzo.

Nimempigia Zuhura akaange debe zima, nitahitaji kufikiri sana wiki hii. Bango nimeshalianza. Penseli ilivunjika ncha, nikatumia maka peni.