Ombi la Kuazimwa Koti Jeupe kwa Siku Kumi za Desemba

Ndugu Mkuu wa Skuli ya Afya ya Jamii,

Heshima mbele. Mimi ni Tarsis Kiwelu, muuza vyombo vya plastiki kwa jumla hapa Mchafukoge, na baba wa Fortunata, aliyemaliza shahada ya uzamili kwenu mwaka huu. Nakuandikia kwa masikitiko, maana nilikukabidhi mtoto mwenye akili timamu.

1. Nilimleta ili awe daktari. Miaka miwili baadaye amerudi hana sindano, hana koti, ana swali moja tu. Akimwona Muhiddin, mpagazi anayenibebea mizigo mwaka wa kumi na moja huu, ananiuliza: "Baba, huyu akiumwa anatibiwa wapi?" Miaka yote hiyo tumefanya kazi kwa amani bila mimi kuhitaji kujua.

2. Swali hilo amelifanyia utafiti. Amegundua kwamba kliniki ya presha inafunguliwa wapagazi wakiwa wanashusha makontena, na inafungwa kabla hawajamaliza. Sawa. Lakini ripoti ameisoma kwenye mkutano wa kata, na katika jedwali la nne nimeandikwa "Mwajiri T., muuza plastiki: hajui." Jina limefichwa kitaalamu kabisa. Sasa mtaa mzima unaniita Jedwali la Nne, na hata wateja wameanza kuniita hivyo.

3. Kampuni ya dawa ilimpa kazi yenye gari, akakataa. Yuko mtaa wa Gerezani, juu ya duka la vipuri, kwenye ofisi ya meza mbili na feni moja, anadai kliniki ifunguliwe jioni. Jirani yangu Bi Zeina, muuza vitambaa, mwanawe Turki ni daktari wa meno. Akicheka tu na mteja, meno yake yanaonyesha kazi ya mwanawe. Mimi nionyeshe nini? Mlango wa kliniki uliofungwa?

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Desemba tunaenda nyumbani Rombo, ukoo mzima. Wataniuliza Fortunata anatibu nini. Nikisema anatibu ratiba, watanionea huruma, na huruma ya ndugu siiwezi.

Kwa hiyo naomba mniazime koti jeupe la kidaktari kwa siku kumi, saizi ya kati, lenye kalamu mfukoni. Litarudi limefuliwa na kupigwa pasi. Na kile chombo cha kusikilizia moyo, hata kibovu kitafaa.

Nisalimie walimu wote, walinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi aliyeniambia mara tatu kwamba uko kikaoni.

Wako ninayesubiri,
Tarsis Kiwelu

N.B. Kabla sijafunga bahasha, dada yangu Severa amepiga simu kutoka Rombo akiuliza mtoto anafanya kazi gani hasa. Nikaanza kumweleza habari za makontena na saa za kliniki, nikajikuta nimeongea nusu saa, hata wateja wamesimama wanasikiliza. Severa akacheka, akasema hiyo nayo si kazi ya kusomea. Nimemkatia simu. Amepiga tena mara nne, na sipokei mpaka amwombe mwanangu radhi.