Mteja wa Meza ya Saba

Jumatatu, 2 Oktoba
Nimetoka ofisi ya bima nimenywea. Binti wa dirishani alitazama kompyuta, akanitazama mimi, akairudia kompyuta. Nimepungukiwa siku mia moja na hamsini za bima nipate pensheni. Mia na hamsini tu! Nikamwambia nimemhudumia Vaios mgahawani kwake miaka kumi na tisa, sikukosa hata ile wiki ya theluji. Akasema mashine haimjui Vaios. Hiyo ndiyo kazi ya kulipwa mkononi: pesa inaingia mfukoni yote, mwenyewe huingii popote.

Nilikwenda moja kwa moja mgahawani. Vaios akanikumbatia. Ishara mbaya! Vaios hukumbatia watu anaotaka kuwanyima kitu. Akasema mfanyakazi ni Froso mpishi, ndiyo maana kamwandikia bima. "Wewe, Zisis, ni ndugu yangu. Nani amewahi kumwandikia ndugu yake bima?" Nikaona haya kubisha. Halafu akanipa njia: nijisajili mwenyewe, mtu huru, nichukue kitabu cha risiti, yeye awe mteja wangu tu, bima nijilipie. Bosi wa nafsi yangu, nikiwa na miaka sitini na sita!

Asimina hakufurahi. Mke wangu hana jicho la biashara. Alisema goti langu limekwisha kwa kubeba sinia za Vaios, kwa hiyo Vaios aniandike kama alivyomwandika Froso, basi. Nikamwambia mambo si mepesi hivyo. Akasema mambo ni mepesi, mzito ni mimi.

Jumanne, 3 Oktoba
Shemeji Rizos alikuja. Kaka yake Asimina, fundi wa vigae, mwenye kitabu cha risiti mwaka wa ishirini sasa. Hujiita mfanyabiashara. Ana kadi zenye jina lake! Sikutaka kumwuliza kitu. Nikamwuliza.

Alinieleza saa nzima huku akimaliza mtindi wangu. Mtu huru hapangiwi saa. Ana vifaa vyake. Ana wateja wengi, si mmoja. Na bima analipa kila mwezi, kazi iwepo isiwepo. Hilo la mwisho sikulisikia vizuri, nilikuwa natunga maneno ya kadi yangu. "Zisis, Mshirika Huru wa Huduma za Mezani." Imetulia.

Kisha likaja wazo kubwa. Kwa Vaios nitaendelea kulipwa mkononi, kimyakimya, na kwa serikali nitakuwa huru, nikikata karisiti kamoja tu kwa mwezi ili mashine inijue. Matunda ya pande zote mbili! Rizos akasema nikifanya hivyo nitapata hasara za pande zote mbili. Wivu. Hataki kadi mbili katika familia.

Jumatano, 4 Oktoba
Mhasibu atapeleka karatasi zangu Jumatatu. Kadi zimeagizwa, mia tano. Vaios kakubali tuanze kesho kwa majaribio. Alikubali haraka mno, lakini nadhani ni heshima tu.

Alhamisi, 5 Oktoba
Siku ya kwanza ya uhuru. Niliamka saa nne. Nikafika mgahawani saa saba mchana, watu wamejaa hadi mlangoni. Vaios akanipigia kelele nipeleke pweza meza ya nne. Nikamjibu kwa upole kwamba mimi sasa si wa kuamrishwa, alete ombi nilifikirie. Nililifikiria kidogo. Nikalikubali.

Hapo akaanza visa! Sinia ni ya mgahawa, mtu huru aje na yake. Nikakimbia kununua sinia. Aproni vilevile. Glasi niliyovunja ni juu yangu. Saa kumi tukala maharage, mimi na Froso, kama siku zote. Froso kala bure, mimi nikaletewa bei. Tena Froso akaniuliza mbele ya wateja kama Bwana Mshirika atapenda na mkate, maana mkate nao unauzwa. Mwanamke huyo ana bima na ulimi, vyote kamili.

Vaios alimalizia kwa msumari. Ule msumari ninaotundikia koti miaka kumi na tisa! Eti mtu wa nje akiutumia, anaukodi.

Ijumaa, 6 Oktoba
Nimejiuzulu uhuru. Nilimwambia Vaios turudi mkononi hadi karatasi zipite. Akanikumbatia tena. Kanirudishia msumari na maharage, na akanikumbusha sheria yetu ya zamani. Wakaguzi wa kazi wakitokea, naivua aproni, naitupa nyuma ya friji, nakaa meza ya saba kama mteja. Kana kwamba mtu anaweza kusahau! Mara nne nimekaa ile meza, na mara zote nne hakuna aliyenishuku. Katika mji huu wa Volos hakuna anayekaa kama mimi.

Nyumbani Asimina kanisumbua kuhusu jambo hilo hilo. Alinishika mikono yote miwili, jambo ambalo halifanyi. Akasema wakaguzi wakija, safari hii nisikae. "Simama tu, Zisis. Usiseme kitu. Shika sinia yako, simama." Mkaguzi akimkuta mtu kasimama na sinia, anamwandika hapo hapo, na mwenye mgahawa analazimika kumlipia siku zake za bima. Nikamwambia sawa. Mwanamke huyu ana wasiwasi! Hawajaja miaka mitatu.

Jumamosi, 7 Oktoba
Wamekuja!

Saa saba na nusu mchana, wawili, mama mwenye miwani na kijana mwenye mkoba. Nilikuwa katikati ya mgahawa, sinia mkononi, sardini za watu sita juu yake. Nilimkumbuka Asimina. Naapa nilimkumbuka. Lakini miguu ilikuwa imeshaondoka. Sinia juu ya friji, aproni nyuma yake, mimi meza ya saba nimekunja nne. Sekunde tatu! Sijawahi kufanya vizuri hivyo.

Vaios akaniletea kichupa cha tsipouro, ile pombe yetu kali ya zabibu, na zeituni, akiniita "bwana". Yule mama akaja na daftari, akakaa mbele yangu kabisa. Akaniuliza kama huwa naja hapa. Nikasema mara kwa mara. Akauliza huduma ikoje. Mtu angefanya nini? Nikasema mhudumu wao ni hodari, mzee mmoja mtanashati, leo simwoni.

Akaniangalia muda mrefu. Kichupa cha pili kikaja, na sardini zilezile. Akasema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba mtu akiwa anafanya kazi hapa bila bima, leo ni siku yake, aseme tu neno, ataandikwa na siku zake zote zitadaiwa. "Mzee wangu, una hakika wewe ni mteja?" Kichupa cha tatu, pweza. Nikamwambia mama, mimi ni mteja tangu ujana wangu.

Akafunga daftari, akapumua. Hawakuondoka hadi saa tisa na nusu, kwa hiyo nami sikuweza kuinuka. Vichupa sita, kila kimoja na kitoweo chake! Kufikia kamba wa mwisho goti lilikuwa haliniumi kabisa. Froso alipita na sinia yangu mpya, hakunitania. Hilo lilinishangaza.

Kabla hawajatoka Vaios, kwa sababu walikuwa wanatazama, akaniletea bili. Na risiti. Miaka kumi na tisa, karatasi ya kwanza kutoka kwa Vaios, nami ndiye niliyelipa.

Jumapili, 8 Oktoba
Kichwa. Nilimsimulia Asimina yote, nikitegemea atacheka kwenye zile sekunde tatu. Hakucheka. Aliweka sufuria chini, akakaa.

Ni yeye aliyewaita. Alipiga simu Alhamisi, akawaambia kuna mzee ana aproni ya bluu, mjeuri kidogo, mwandikeni hata akikataa. Hakuniambia siku kwa sababu, amesema, ningemwambia Vaios. Nikakasirika, kisha nikapoa, kwa kuwa kweli ningemwambia Vaios.

Alilia kidogo. "Nilikuomba kitu kimoja, baba watoto. Kusimama." Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 9 Oktoba
Sikulala. Lakini kujikwaa si kuanguka. Mhasibu kapiga simu kuhusu zile karatasi, nikamwambia azisimamishe, nimepata kitu bora.

Pale ufukweni kuna migahawa zaidi ya ishirini, na kila mmoja una mtu wake wa kuficha. Hakuna hata mmoja anayejua kukaa! Nitawakalia wote. Mteja wa Dharura, anafika kabla ya wakaguzi, anajaza meza, anamsifu mwenye mgahawa. Saa zangu mwenyewe, kiti chao, wateja wengi. Huo ndio uhuru wenyewe aliousema Rizos!

Kadi mia tano zimefika leo, nitasahihisha kwa kalamu. Vaios ndiye mteja wangu wa kwanza. Kanikumbatia. Tumekubaliana atanilipa mkononi.