Gorogoro Moja, Mara Mia Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Madam Kalekye, mwalimu wetu wa takwimu, katupa kazi leo. Tukadirie gorogoro moja ya maharagwe Soko la Kariobangi ina uzito gani kwa wastani. Si ya muuzaji mmoja. Ya soko zima! Wauzaji ni zaidi ya mia. Wengine mkebe wao wa kupimia umebonyezwa kitako, wengine wanarundika mpaka yanamwagika. Hatuwezi kuwapima wote, kwa hivyo tuwachukue baadhi bila kupendelea, halafu tuseme wastani uko kati ya hapa na pale, na tuna uhakika kiasi gani. Hapo kati ya hapa na pale Madam anapaita masafa. Atakayekadiria vizuri kuliko wote atapata kazi ya utafiti ya miezi mitatu. Kazi! Mama ananiuliza habari ya kazi tangu mwaka juzi.

Tatizo ni Mativo. Mlango wao unatazamana na wetu, na Mama humtaja kila asubuhi: Mativo ameamka, Mativo amefua, Mativo amenipandishia mtungi wa gesi. Leo Madam hajamaliza kusema, yeye mkono uko juu. Na shati limepigwa pasi mpaka kwapani. Nkt!

Jumanne, 4 Machi

Ameshamaliza! Amezunguka soko lote, wauzaji arobaini, safu kwa safu. Katuma jibu kwenye grupu ya darasa: kati ya kilo 1.84 na 1.96, uhakika asilimia tisini na tano. Watu wakammwagia makofi. Jacklyne kaweka mioyo mitatu. Mitatu! Mimi siku yangu ya kuzaliwa aliniwekea kidole gumba.

Nimekaa nikawaza. Asilimia tisini na tano? Hizo tano amemwachia nani? Mwanamume anayejiamini huenda mia. Nitaenda mia.

Jumatano, 5 Machi

Nimewasilisha: wastani uko kati ya sifuri na kilo mia moja, uhakika asilimia mia. Nani atapinga? Madam hakupinga. Alisema hata nyanyake kule Mwala angejibu hivyo bila kutoka kitandani. Akaeleza kwamba ukitaka uhakika zaidi, masafa yanapanuka. Ukiyataka membamba, pima zaidi. Darasa likaangua kicheko. Mativo hakucheka. Alitikisa mabega tu, macho kwenye kitabu. Afadhali angecheka.

Nimepewa mpaka Ijumaa nirekebishe. Na siri nimeishika: pima zaidi. Yeye amepima mara arobaini. Mimi nitapima mia mbili!

Alhamisi, 6 Machi

Nizunguke na jua hili kwa wauzaji wote hao? Kwani nina wazimu? Nimenunua gorogoro moja kwa Mama Rispa, anayeimba kwaya moja na Mama. Akaniita mwanangu, akarundika, akaongeza konzi mbili za nyongeza. Nikaazima mizani ya Okinyi, mwenye bucha chini ya fleti yetu. Nikapima. Nikateremsha. Nikapima tena. Mara mia mbili, aki ya Mungu! Okinyi aliuliza kama bucha yake imegeuka kliniki ya watoto.

Mkono unauma. Lakini tazama jibu: kati ya kilo 2.309 na 2.311! Membamba kama uzi. Hayo ya Mativo lori linapita katikati. Nitalala vizuri leo.

Ijumaa, 7 Machi

Kumbe Madam na wenzake walikuwa wameshampima kila muuzaji wa soko lile, mia moja na kumi na wanne. Wastani wenyewe ni kilo 1.91. Masafa ya Mativo yameudaka. Yangu yamepita juu, hata hayakuuona.

Akauliza nilipima wauzaji wangapi. Nikajibu kwa fahari: mmoja, mara mia mbili. Kisha akasema kidole kimoja hakivunji chawa, hata ukikitumia mara mia mbili. Ati gorogoro ya Mama Rispa naijua kuliko mtu yeyote Nairobi, ila soko silijui kabisa. Kazi akampa Mativo. Mativo naye akasema, kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo kanisani, kwamba yeye Mama Rispa alimpimia kilo 1.7. Hapo nilifurahi. Ndiyo furaha yangu pekee wiki hii.

Nikaomba maharagwe yangu yapimwe upya mbele ya mashahidi. Kufika nyumbani kuyachukua, Mama ameshayapikia githeri. Na amempelekea Mativo bakuli, la kumpongeza. Lo! Ushahidi wangu uko tumboni mwa adui.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili asubuhi, hodi. Nikachungulia kwenye tundu la kufuli: Mativo, na bakuli letu ameliosha. Nikabana pumzi. Akasema kupitia mlangoni kwamba kazi inataka watu wawili, Madam amemwachia achague mwenzake, na yeye amenifikiria mimi. Ati hakuna mwingine darasani mwenye subira ya kupima kitu kimoja mara mia mbili. Nimjibu tu kabla ya saa nne.

Ng'o! Mtego huo. Anataka nimbebee mizani mtaa mzima uone. Kwani simjui? Jumatano nilimwona akitikisa mabega. Mara moja inatosha kumjua mtu. Nikanyamaza mpaka akaliweka bakuli chini akaenda zake.

Saa sita Jacklyne kaandika kwenye grupu kwamba yeye na Mativo wanaanza kazi Jumatatu. Mioyo kila mahali. Mama akaniuliza kama nilisikia mtu akipiga hodi asubuhi. Nikamwambia sikusikia.

Si nilijua? Tangu Jumanne nilijua atamchagua Jacklyne! Uhakika asilimia mia. Jumatatu narudi kwa Mama Rispa, na safari hii napima mara mia nne.