Mkoba wa Mamba kwa Rra Sebeso

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kupita zote tangu nifungue ofisi. Nimepata mteja! Anaitwa Kelebonye Mothibi. Miaka tisa amekuwa wakili wa ndani wa kampuni ya mgodi kule Jwaneng. Mumewe amehamishiwa hospitali ya hapa Gaborone, naye amemfuata na mtoto. Sasa anataka kurudi kwenye ofisi ya mawakili, kule alikoanzia kazi. Aliuliza kama hilo linawezekana. Nikacheka kicheko cha mtu anayejua mambo. Nikamwambia mimi, Oduetse Kgang, ndiye ninayewatafutia mawakili kazi katika mji huu. Hakuuliza nimewatafutia wangapi. Mwanamke mwenye adabu.

Tatizo ni moja. Mgodi umemwekea nafasi yake hadi Ijumaa tarehe 22. Asipopata kazi hapa, atarudi Jwaneng peke yake, na mtoto atabaki na baba. Aliposema hivyo alitazama dirishani kwa muda. Nami nikatazama dirishani. Kuna duka la viatu.

Mke wangu, MmaTefo, naye amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nisipomwingiza huyu kazini, nakwenda Ghanzi kuchimba visima na kaka yake. Visima! Mimi, mwenye tai nne.

Nimeanza kwa kuurekebisha wasifu wake. Kuna jambo lilikuwa linamharibia kabisa. Eti alikuwa akiwasimamia mawakili wa nje walioufanyia mgodi kazi, akisoma barua zao na kuamua nani aendelee na nani aachwe. Nani atamwajiri mtu anayejisifu kwamba kazi yake ilifanywa na wengine? Nimefuta. Mahali pake nimeandika kwamba anaimba kwaya. Hajui bado, ila atanishukuru.

Jumatano, 6 Machi

Ofisi sita zimejibu hapana. Zimejibu haraka mno, na hiyo ni heshima.

Mmoja alisema mawakili wa makampuni wamezoea kufika nyumbani jua lingali juu, wamesahau hata mlango wa mahakama uko upande gani. Mwingine aliuliza huyu mama atakuja na wateja gani. Nikasema kwaya nzima. Akakata simu. Nimemwacha hana la kusema!

Mma Dikgole wa chumba cha pili, ambaye naye hutafutia mawakili kazi, leo amempatia kazi wakili wa tano tangu mwaka uanze. Kaleta keki. Akanikatia kipande chembamba, akaniuliza kwa sauti tamu: "Na wewe Rra Kgang, wa kwanza lini?" Nikamwambia mimi sifanyi kazi ya jumla. Keki ilikuwa kavu. Nilikula vipande vitatu ili kuhakikisha.

Imebaki ofisi moja tu, kubwa kuliko zote: Sebeso na Wenzake. Mtu mwingine angesema ndiyo ya mwisho. Mimi nasema ndiyo kilele.

Alhamisi, 7 Machi

Nilimtaka Kelebonye apitepite mbele ya Mahakama Kuu na mafaili, amekunja uso, aonekane ana shughuli nyingi. Akakataa. Alisema anatafuta kazi, hatafuti kuigiza. Basi nikaenda mwenyewe, na mafaili kumi na moja. Ndani yake magazeti.

Mzunguko wa tatu, wakili mmoja kijana anayetiririka jasho akanidhania tarishi. Akanisukumia bahasha, akasema, "Mzee, kimbia na hii, tunachelewa!" Mtu mwenye kiburi angekasirika. Mimi nikasoma anwani. Sebeso na Wenzake! Nikakimbia kweli. Hivyo ndivyo watu wenye akili wanavyoingia mahali.

Nilikaa mapokezi dakika arobaini, mpaka mlinzi akaniuliza nasubiri nini. Lakini nilikwisha ona ya kutosha. Ukutani kuna picha ya Rra Sebeso katikati ya ng'ombe, na chini imeandikwa Serowe. Dada wa mapokezi akaniambia bosi huenda huko kila Ijumaa, hata mvua inyeshe.

Basi! Mtu wa Serowe. Na watu wa Serowe ukoo wao ni wa paa. Hawamli, hawavai ngozi yake, wengine hata kumtazama hawataki. Hayo anayajua kila aliyezaliwa nchi hii. Kwa hiyo zawadi yoyote nitakayompelekea iwe mbali kabisa na paa. Nami ninayo. Mkoba wa marehemu mjomba wangu, ngozi halisi ya mamba, kichwa chake kizima kwenye mfuniko, macho ya kioo. Sina uhakika kama kuna binadamu mwingine katika mji huu anayefikiri kwa kina namna hii.

Ijumaa, 8 Machi

Mkoba nimeung'arisha kwa mafuta ya nywele ya MmaTefo. Wasifu nimeuacha mapokezi, akabidhiwe mkononi, pamoja na kadi: "Kutoka kwa Kelebonye Mothibi, aliye tayari kurudi." Rra Sebeso alikwisha ondoka kwenda Serowe. Nikamwomba dada wa mapokezi auweke mkoba juu ya meza yake, kichwa kikielekea kiti, ili Jumatatu wakutane uso kwa uso.

Kelebonye sijamwambia. Zawadi ya kushtukiza hunoga zaidi ikimshtua kila mtu.

Jumatatu, 11 Machi

USHINDI! Saa mbili na robo asubuhi, simu kutoka kwa Sebeso. Si katibu. Yeye mwenyewe! Anamtaka Kelebonye kesho saa tatu, bila kukosa. Sauti ilikuwa ikimtetemeka kwa hamu. Aliuliza mara mbili kama huyo mwanamke ana mama aliyemlea. Anajali familia za watu. Nikasema mama yupo, mzima wa afya.

Kelebonye nilipompa habari alilia kidogo, kisha akacheka. Alisema binti yake anaamka kila siku akiuliza mama anaondoka Ijumaa ipi. Nikaenda kununua maandazi ya magwinya ishirini, nikagawa ghorofa nzima, ya moto, mafuta yakichuruzika.

Mma Dikgole akataka kujua nimefanyaje. Nikamweleza habari ya mkoba. Akaacha kutafuna. "Sebeso? Huyu Sebeso wa Molepolole?" Nikamwambia ni wa Serowe, nimeona kwa macho yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wivu ni ugonjwa.

Jumanne, 12 Machi

Mambo mengi. Niyaandike kwa mpangilio.

Tulifika mapema. Nilimsindikiza kama mshauri wake. Tulimkuta Rra Sebeso amekaa mapokezi, kwenye kiti cha wageni, mafaili yake magotini. Ofisi yake imefungwa tangu jana na hakuna anayethubutu kuingia. Ikabainika kwamba Serowe ni kwa wakwe zake. Ng'ombe ni wa mkewe. Yeye ni mtu wa Molepolole, Mokwena, wa ukoo wa mamba. Kwao mamba ni mwiko mkubwa. Haguswi wala hatazamwi, sembuse kukaa mezani akimkodolea mtu macho ya kioo. Picha ukutani iseme Serowe, halafu nilaumiwe mimi!

"Binti yangu," Rra Sebeso akamwambia Kelebonye, "ndiwe uliyeniletea babu yangu, kafungwa zipu?"

Kelebonye akageuka, akanitazama. Mimi nikatazama dirishani. Hapa kuna maegesho ya magari.

Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Alivua shali mabegani, akaomba ruhusa, akaingia peke yake. Akaufunika mkoba wote kwa shali, akautoa kwa ngazi za nyuma usipite mbele ya mzee, akaja kunikabidhi. Kisha akarudi, akainama kidogo, akamwita Mokwena kama anavyostahili kuitwa, akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Mzee akashusha pumzi. Akasema yameisha. Akasema pia kwamba ofisi yake haichukui mawakili wa makampuni, na kwamba anamtakia heri na kwaya yake.

Kelebonye akauliza kwaya gani. Nikahesabu magari.

Alishika mkoba wake mdogo kama anayeondoka. Halafu akasimama. "Mokwena, mgodi ulipowaacha mwaka juzi, mliambiwa sababu?"

Mzee akasema hawakuambiwa.

"Aliyewaacha ni mimi."

Nikafumba macho. Niliviona visima vya Ghanzi, kimoja kimoja.

Akamweleza taratibu, bila kupandisha sauti. Mgodi ulikuwa ukiuliza swali moja: tufanye au tusifanye? Ofisi ya Sebeso ikileta kurasa arobaini. Jibu liko ukurasa wa thelathini na nane, na wakati huo mashine imesimama siku mbili. Mawakili wake ni wazuri, alisema, ila hakuna kati yao aliyewahi kukaa upande ambako barua inafunguliwa. "Mimi nimekaa huko miaka tisa."

Miaka miwili yule mzee alidhani waliachwa kwa sababu ya bei. Akauchomoa wasifu kwenye mafaili yake, akaupekua mbele na nyuma. "Jambo kubwa hivi, mtu analificha kwa nini?"

Wote wakanitazama. Macho yangu yakarudi kwenye maegesho.

Akamwingiza chumba kingine, wakakaa saa mbili. Mimi nilisubiri kwenye benchi, nimepakata mkoba ndani ya shali. Mama mmoja akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia kalala.

Ijumaa, 15 Machi

AMEPATA! Anaanza mwanzoni mwa mwezi ujao. Amekabidhiwa wateja wote wa makampuni, na kazi yake ya kwanza ni kuurudisha mgodi. Barua ya ajira ina ukurasa mmoja. Kelebonye aliisoma akasema wameanza kujifunza.

Alikuja ofisini na binti yake, ambaye alizunguka meza yangu mara tisa akiimba kwamba mama haondoki Ijumaa yoyote. Nakiri machozi yalinitoka. Kelebonye akanishika mkono, akasema, "Rra Kgang, umenisaidia kwa namna ambayo sitaki mtu mwingine yeyote asaidiwe." Nitaibandika mlangoni. Nusu ya kwanza.

Rra Sebeso ameagiza nisikanyage tena kwake. Amenikumbuka! Mma Dikgole sijamkatia keki. Nimemletea nzima, nikasimama pale akiitazama. MmaTefo amemwambia kaka yake atafute mtu mwingine wa visima.

Jumatatu, 18 Machi

Sifa zimeenea. Nimepata mteja wa pili! Wakili wa ndani wa benki, amehamia kutoka Maun, naye anataka kurudi ofisi ya mawakili. Wasifu wake si mbaya, isipokuwa sehemu moja aliyojisifu eti alikuwa akiwasimamia mawakili wa nje. Nimefuta. Huyu nimemwandikia anacheza ngoma.

Ofisi ninayoilenga ni ya Rra Mookodi. Nimechunguza sana safari hii, maana makosa humfunza mtu. Huyu si wa Molepolole hata kidogo. Ni mtu wa Kanye, baba na mama, nimeuliza watu wawili. Kwa hiyo mkoba uko salama, na ndio uliotuletea ushindi wa kwanza.

MmaTefo anasema watu wa Kanye nao ni wa ukoo wa mamba. Nimemwambia asinifundishe kazi, anipe yale mafuta ya nywele.